Mabinti Wawili katika Simulizi Moja: Uhakiki wa Fani ya Uponyaji katika Marko 5

Nafasi ya uponyaji katika imani na utume wa Kikristo hujadiliwa zaidi kama suala la mafundisho kuliko suala la usimulizi. Huulizwa kama karama ya kuponya ingali hai, kama hospitali ni chombo cha uinjilisti au ni huduma inayojitosheleza, kama maombi na dawa ni washirika au washindani. Na kila upande hunyofoa aya moja au mbili za Injili ili kuutetea msimamo wake. Katika mabishano hayo husahaulika kwamba waandishi wa Injili hawakutuachia tasnifu kuhusu uponyaji. Walituachia visa, na kisa hufikiri kwa namna yake: kwa mpangilio wa matukio, kwa kasi na ukawiaji, kwa kumpa jina mhusika huyu na kumnyima yule, kwa kulitaja jambo mahali hapa badala ya pale. Anayetaka kujua Marko anauelewaje uponyaji hana budi kumsoma kama msanii wa simulizi kabla ya kumwita shahidi wa hoja yoyote.

Kipande kinachofaa zaidi kwa usomaji wa aina hiyo ni sura ya 5, kuanzia aya ya 21 hadi ya 43, penye kisa cha binti wa Yairo na kisa cha mwanamke aliyetokwa damu kwa miaka 12. Hoja nitakayoitetea ni kwamba hapa kupona kwa mwili kumewekwa katikati ya tendo la uponyaji, si mwishoni mwake, na kwamba hilo halitamkwi na mhusika yeyote wala na msimulizi, bali na umbo la simulizi lenyewe.

Umbo hilo ni rahisi kulieleza. Yesu amevuka ziwa na umati umemzunguka ufukoni. Yairo, mmoja wa wakuu wa sinagogi, anaanguka miguuni pake na kumwomba aje kumwekea mikono binti yake mdogo aliye mahututi, nao wanaondoka pamoja. Njiani mwanamke asiye na jina anagusa vazi la Yesu kwa nyuma na kupona, kisha yanafuata mazungumzo. Mazungumzo hayajaisha, watu wanafika kutoka kwa Yairo na habari za kifo. Safari inaendelea hadi nyumbani, na msichana anainuliwa. Kisa kimoja kimekatwa vipande viwili, na kingine kimewekwa kizima kati ya vipande hivyo. Mbinu hii Marko anaitumia kwingineko pia: kisa cha mtini ulionyauka kinazingira tukio la hekaluni katika sura ya 11, na Petro aliye uani akiota moto anazingira kesi ya Yesu katika sura ya 14. Nitaiita ufumbataji, kwa kuwa simulizi ya nje huishika ya ndani kama kiganja kinavyoshika kitu, na kitu chenyewe, kwa ukubwa na ugumu wake, huamua vidole vifunge vipi.

Athari ya kwanza ya ufumbataji huu ni taharuki, lakini ni taharuki ya namna ya pekee. Yairo amekuja na dharura isiyovumilia kituo hata kimoja. Msimulizi anampa msomaji dharura hiyo aibebe, kisha anamsimamisha barabarani kwa aya 10. Tena anayemsimamisha hana dharura: maradhi yake yamedumu miaka 12, na kwa mizani ya daktari yeyote wa zamu, saa moja zaidi isingemdhuru. Simulizi imekutanisha nyakati mbili zisizopatana, wakati wa dharura na wakati wa usugu, na imeupa kipaumbele ule ambao hekima ya kawaida ingeuambia usubiri. Gharama yake haifichwi. Mwanamke anaposikilizwa, msichana anakufa. Msimulizi hatoi maelezo wala haombi radhi, na Yairo mwenyewe, ambaye ombi lake la aya ya 23 lilikuwa kamili na fasaha, hasemi neno jingine hadi mwisho wa kisa. Ukimya huo ni sehemu ya ufundi: umemweka msomaji katika nafasi ya baba anayetazama wakati ukipita, na kumnyima sauti ya kulalamikia.

Tofauti ya nyakati hizo mbili imefumwa hadi ndani ya sarufi. Katika Kigiriki cha Marko, sehemu za Yairo zinaendeshwa kwa sentensi fupi na kwa wakati uliopo wa kisimulizi: anakuja, anaanguka, anasihi, na baadaye watu wanakuja, Yesu anaona ghasia ya waombolezaji, anawachukua wazazi, anaingia. Sehemu ya mwanamke, ukiacha maneno ya wahusika, haina kitenzi hata kimoja cha aina hiyo. Yenyewe inasimuliwa kwa wakati uliopita, kwa sentensi zinazojikunjua taratibu. Biblia yetu ya Muungano, iliyotoka ikiwa kamili mwaka 1952, haikuweza kuihifadhi tofauti hiyo, kwa kuwa kiambishi -ka- huvisawazisha vitenzi vyote vya kutambia, vya haraka na vya polepole. Hasara hiyo hata hivyo ina fidia. Marko hupenda kufungua sentensi zake kwa kiunganishi kilekile, “na”, akiunganisha tendo na tendo bila kueleza uhusiano wao, na -ka- hufanya kazi hiyohiyo kiasili kabisa. Msikilizaji wa Kiswahili hupoteza tofauti ya mwendo, lakini huupata mfululizo usiofafanuliwa ambao ndio mhimili wa mtindo wa Marko.

Kilele cha sarufi ya sehemu ya ndani ni sentensi inayomleta mwanamke jukwaani, katika aya ya 25 hadi ya 27. Kiima kinatajwa, kisha vinafuatana vitenzi tegemezi 7 kabla ya kitenzi kikuu: hali yake ya kutokwa damu, mateso yake chini ya matabibu wengi, mali iliyokwisha, nafuu isiyopatikana, kudorora kwa hali, habari alizozisikia, ujio wake kutoka nyuma, ndipo kitenzi kikuu kinapotua, nacho ni kugusa. Msomaji wa Kigiriki analazimika kuishikilia sentensi nzima kichwani akisubiri kitendo, kama vile mhusika alivyosubiri miaka 12. Tazama pia mpangilio wa ndani. Vitenzi vya mwanzo vinahesabu yaliyompata na yaliyomtoka; viwili vya mwisho, kusikia na kuja, vinamgeuza kutoka mtu wa kutendewa kuwa mtenda. Mgeuko huo unatokea ndani ya kishazi, kimyakimya, kabla umati haujajua kwamba yupo.

Katika sentensi hiyo ndimo yalimo maneno makali kuhusu matabibu, ambayo yametumiwa mara nyingi kuipinga hospitali kwa jina la imani. Usomaji wa fani hauruhusu matumizi hayo. Maneno yenyewe yamewekwa katika vishazi tegemezi, miongoni mwa mambo mengine yanayounda historia ya mgonjwa mmoja. Hayasemwi na Yesu, hayarudiwi, na hakuna tukio linalojengwa juu yake. Katika sura ya 2, aya ya 17, Marko huyohuyo anamwonyesha Yesu akiitumia kazi ya tabibu kama mfano wa kazi yake mwenyewe, bila chembe ya dharau. Kukigeuza kishazi tegemezi kuwa fundisho ni kosa la sarufi kabla halijawa kosa la teolojia. Kinachoelezwa hapa ni wasifu: mwanamke huyu alikuwa na mali na ameimaliza, alikuwa na matumaini na yamemgharimu. Wauguzi na jamaa za wagonjwa wa maradhi sugu wataitambua sentensi hii bila kuhitaji ufafanuzi.

Baada ya mguso, msimulizi anaweka kauli mbili sambamba. Ya kwanza inaeleza kwamba damu ilikoma papo hapo, na mwanamke akalijua hilo kwa mwili wake. Ya pili, kwamba Yesu naye, papo hapo, alijua ndani yake kuwa nguvu imemtoka. Usambamba huu umepimwa kwa makini: neno lilelile la upesi linafungua kauli zote mbili, kitenzi cha kujua kinarudi, na kila mmoja anajua nusu yake tu. Umati uliowabana haujui lolote. Tangu Rudolf Bultmann alipochapisha uchambuzi wake wa mapokeo ya Injili mwaka 1921, wahakiki wamezoea kuvigawa visa vya miujiza katika hatua zinazojirudia: ugonjwa na ukubwa wake, tendo la kuponya, kisha uthibitisho wa kupona. Kwa kipimo hicho kisa cha mwanamke kimekwisha kufikia aya ya 29. Ugonjwa umeelezwa, mguso umefanyika, damu imekauka, mgonjwa amethibitisha. Lakini Marko yuko nusu ya njia. Zimepita aya 5 na zinabaki 5 nyingine. Na ingawa mgawanyo wa aya ni kazi ya mchapaji Robert Estienne mwaka 1551, uzito unaolingana wa pande hizo mbili ni wa mwandishi mwenyewe.

Nusu ya pili inaanza kwa swali linaloonekana la kipuuzi. Katika msongamano ule, Yesu anauliza aliyegusa mavazi yake ni nani, na wanafunzi wanamjibu kwa kejeli ya watu wenye akili timamu: watu wote wanakusonga, nawe unauliza hivyo? Msimulizi hawakosoi. Anaendelea kumwonyesha Yesu akitazama huku na huku. Wanafunzi wanahesabu miguso, Yesu anamtafuta mtu. Na simulizi, kwa kukataa kuamua mzozo huo kwa maneno, inauamua kwa mwendo, kwa kuwa inasimama pamoja na anayetafuta. Mwanamke anakuja akitetemeka, anaanguka kama Yairo alivyoanguka, na kueleza ukweli wote.

Hapa pana uamuzi wa kifani unaostahili kutuliwa. Wazo la siri la mwanamke, kwamba akigusa tu mavazi atapona, lilitolewa kwa usemi halisi katika aya ya 28. Ushuhuda wake wa hadharani, ambao kwa desturi ya visa ndio ungetolewa neno kwa neno, umetolewa kwa muhtasari wa maneno machache. Yaliyofichika tumeyasikia, yaliyotangazwa tunaelezwa tu kwamba yalisemwa. Sababu, nadhani, ni kwamba msomaji amekwisha kuusikia ukweli wote. Ile sentensi ndefu ya vitenzi 7 ndiyo ushuhuda wenyewe, uliotutangulia kwa sauti ya msimulizi, na sasa umati unafikishwa pale sisi tulipokuwa tangu mwanzo. Matabibu, mali, miaka: mambo ambayo mgonjwa angeyameza kwa aibu yanakuwa maarifa ya hadhara, na hakuna anayemkatiza.

Ndipo linapokuja tamko la aya ya 34. Yesu anamwita binti, anaisifu imani yake, anamruhusu aende kwa amani na kumtakia uzima kutokana na msiba wake. Msomaji makini atauliza: uzima gani, ilhali damu ilikauka aya 5 zilizopita? Ama Marko ni mwandishi mzembe aliyesahau alichokiandika, jambo ambalo sentensi za aya ya 25 hadi ya 30 zinalikanusha, ama uponyaji una awamu mbili. Awamu ya kwanza hutokea mwilini na hujulikana na mgonjwa peke yake. Ya pili hutokea kati ya watu, na vipengele vyake ni kutafutwa, kusema, kusikilizwa na kuitwa kwa jina la ujamaa. Marko hafundishi awamu hizo kwa kuzitaja. Anazijenga kwa kukataa kukifunga kisa pale ambapo kila kisa cha aina yake hufungwa.

Neno binti linatupeleka kwenye bawaba ya kipande chote. Katika aya ya 34 Yesu anamwita hivyo mwanamke. Na katika aya ya 35, kabla hajamaliza kusema, wajumbe wanamwambia Yairo kwamba binti yake amekufa. Neno moja limetamkwa mara mbili bila nafasi ya kuvuta pumzi, la kwanza likimpokea mtu katika jamaa, la pili likimwondoa mwingine. Bila ufumbataji mgongano huo usingewezekana: visa viwili vilivyosimuliwa kimoja baada ya kingine vingekuwa na mabinti wawili, lakini visingewakutanisha. Hapa msomaji analazimika kuuliza swali gumu zaidi la huduma yoyote ya uponyaji, yaani uzima wa mmoja unanunuliwa kwa muda wa nani. Na Marko analiacha swali hilo wazi kwa aya kadhaa, huku Yairo, aliyeambiwa tu asiogope bali aamini, akitembea kimya.

Mara tu tunapotoka kwenye bawaba hiyo tunagundua mpangilio mwingine, wa hadhara na faragha. Mwanamke alitaka kupona kwa siri, akafanywa kuwa wa hadhara. Yairo aliomba mbele ya umati, lakini binti yake anaponywa nyuma ya mlango. Umati unaachwa njiani, wanafunzi wanachujwa hadi kubaki Petro, Yakobo na Yohana, waombolezaji waliocheka wanatolewa nje, na chumbani wanaingia wazazi na watatu hao tu. Msimulizi anabana nafasi hatua kwa hatua, kutoka ufukoni hadi barabarani, hadi uani, hadi chumbani, kisha anauelekeza mtazamo kwenye mkono mmoja ulioshikwa. Asiye na jina wala heshima amepewa hadhara, na mwenye cheo amepewa sitara. Ingekuwa rahisi kulisoma hilo kama mapinduzi ya kitabaka, na wapo waliolisoma hivyo. Lakini fani ni makini zaidi. Kila mmoja anapewa nafasi ambayo hali yake iliikosa. Maradhi ya mwanamke yalikuwa yamemficha. Msiba wa msichana ulikuwa umekwisha kutekwa na makelele ya wageni.

Katika chumba hicho Marko anafanya mambo matatu ambayo mwandishi mwenye pupa asingeyafanya. Kwanza, anayaacha maneno mawili ya Yesu katika Kiaramu, kisha anayafasiri, hivyo kwamba msomaji anaisikia sauti kabla ya kuielewa maana, kama mtoto anavyoamshwa na sauti ya nyumbani. Pili, anachelewesha umri wa msichana. Luka anautaja mwanzoni, pale baba anapoomba. Marko anauweka baada ya muujiza, kama sababu ya msichana kuweza kutembea, na ni hapo tu ndipo msomaji anapogundua kwamba miaka ya uhai wake ni sawa na miaka ya maradhi ya mwanamke. Namba 12 inafanya kazi kwa kurudi nyuma. Inatulazimisha kuisoma upya simulizi tuliyokwisha kuimaliza, tukijua sasa kwamba mmoja alianza kupungua mwaka uleule mwingine alipoanza kukua. Tatu, anamaliza kwa chakula. Agizo la kutotangaza habari linatangulia, na neno la mwisho la kipande chote ni kwamba msichana apewe kitu ale. Luka amebadili mpangilio huo: chakula kinatangulia, na kisa chake kinafungwa kwa mshangao wa wazazi na agizo la kunyamaza. Marko anautaka mshangao upite, ili ibaki kazi ndogo ya kumlisha mtoto, kazi ambayo yeyote aliyemo chumbani anaweza kuifanya bila karama yoyote.

Lipo pia jambo ambalo Marko halisemi. Wahubiri na wafafanuzi wengi hueleza kisa hiki kwa sheria za unajisi za Mambo ya Walawi sura ya 15, na kuhusu kugusa maiti, za Hesabu sura ya 19. Kisha humfanya mwanamke kuwa mtu aliyetengwa na dini ya watu wake, na Yesu kuwa mvunja sheria hizo. Sheria zipo, na msomaji wa kale huenda alizikumbuka. Lakini kipande hiki, kinachoorodhesha maradhi, gharama na matabibu kwa undani wa kushangaza, hakitaji unajisi hata mara moja, na mtu anayeomba msaada kwa unyenyekevu mkubwa kuliko wote ni mkuu wa sinagogi. Uhakiki wa haki hujenga juu ya kilichoandikwa, na kilichoandikwa ni kwamba mwanamke ameteswa na ugonjwa na kufilisika kwa tiba. Hayo yanatosha.

Ukitaka kuipima thamani ya maamuzi haya, linganisha na wenzake. Mathayo anakisimulia kisa chote kwa aya 9, Luka kwa 17, Marko kwa 23. Kwa Mathayo msichana amekwisha kufa pale baba anapoomba, kwa hiyo ukawiaji hauwezi kumdhuru yeyote. Hakuna matabibu, hakuna swali katikati ya umati, hakuna ushuhuda. Yesu anageuka, anasema, na mwanamke anapona tangu saa ile, neno likitangulia uzima. Mathayo ana sababu yake: sura zake za 8 na 9 zinakusanya matendo ya nguvu kwa mfululizo ili kuithibitisha mamlaka ambayo mwanzoni mwa sura ya 10 linakabidhiwa kundi la wanafunzi 12. Kwa lengo hilo ufupi ni fadhila. Luka anaubakiza ufumbataji na hata kusisitiza kwamba mwanamke alisema mbele ya watu wote, lakini kwa kuutanguliza umri na kueleza kwamba msichana alikuwa mtoto wa pekee, anaihamisha huruma yetu kwa baba tangu mwanzo. Kwa Marko peke yake huruma inagawanywa sawasawa, na msomaji hajui aielekeze wapi.

Uhusiano wa uponyaji na utume nao, kwa Marko, ni suala la mpangilio. Mara baada ya chumba cha Yairo, Yesu anakwenda nchi ya kwao, na huko, kwa kutoaminiwa, hawezi kufanya tendo la nguvu isipokuwa kuwawekea mikono wagonjwa wachache. Baada ya kushindwa huko, si baada ya ushindi, ndipo anapowatuma wanafunzi wawili wawili, bila mkate, bila mkoba, bila fedha mshipini. Nao wanahubiri toba, wanatoa pepo na kuwapaka mafuta wagonjwa wengi. Utume huu nao umefumbata kisa kingine: kati ya kuondoka kwao na kurejea kwao kumewekwa karamu ya Herode na kifo cha Yohana Mbatizaji, ambamo msichana mwingine anatokea, na mezani, badala ya chakula, kunaletwa kichwa cha mtu katika sinia. Anayezisoma sura hizi mbili mfululizo hawezi kuuona utume wa kuponya kama maandamano ya nguvu. Unaanza na kukataliwa, unakatizwa na mauaji, na wanaoutekeleza hawana hata akiba ya chakula.

Historia ya Ukristo katika ukanda wetu imezijua nusu zote mbili za kisa cha mwanamke, mara nyingi moja mbali na nyingine. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioenea katika miaka ya 1930 kutoka Gahini nchini Rwanda, kituo cha misheni chenye hospitali alimofanya kazi daktari Joe Church, rafiki na mshirika wa Simeoni Nsibambi wa Kampala, ulichagua nusu ya pili. Fani yake kuu ilikuwa ushuhuda: mtu kusimama mbele ya ndugu na kusema ukweli wote. Si bahati tu kwamba fani hiyo ilikomaa karibu na wodi za wagonjwa, ingawa kadiri ilivyosambaa ndivyo ilivyohusu zaidi dhambi kuliko maradhi. Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, Loliondo, maelfu waliofika kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri Ambilikile Mwasapila walikutana na nusu ya kwanza: foleni ya magari ya kilomita nyingi, shilingi 500, kikombe kimoja cha dawa kwa kila mtu, kipimo kilekile kwa kila ugonjwa. Kama tukio lenye fani yake, kikombe kile kilikuwa na urahisi wenye mvuto mkubwa, na anayekidharau bila kuuchunguza mvuto huo hajawaelewa waliosafiri. Lakini muundo wake haukuwa na pa kuuliza nani amegusa. Kila aliyekunywa aliondoka na historia yake, ikiwa haijasikilizwa kama alivyokuja nayo.

Ukosoaji huo unazihusu pia kliniki zetu, zikiwamo za makanisa, ambako mgonjwa anaweza kupimwa, kuandikiwa dawa na kuruhusiwa bila mtu kumuuliza miaka 12 imekuwaje. Mashauriano yaliyofanyika Tübingen, Ujerumani, mwaka 1964 chini ya mashirika ya kimataifa ya makanisa yalifikia hitimisho kwamba huduma ya kuponya ni ya usharika mzima, si ya madaktari wa misheni peke yao. Marko alikwisha kulisema hilo kwa fani. Nguvu humtoka mmoja, lakini kusikiliza kunauhitaji umati, na kumlisha msichana kunawahitaji watu wa nyumbani.

Kati ya simulizi tatu tulizo nazo za tukio hili, ya Marko ndiyo ndefu na ndiyo bora, na ubora wake umo katika yaleyale ambayo mhubiri mwenye haraka huyaacha: kusimama barabarani, swali linalochekwa, ukweli uliosemwa wote, umri uliocheleweshwa, na chakula cha mwisho. Anayekifupisha kisa hiki anafanya alichofanya Mathayo bila kuwa na sababu ya Mathayo. Ombi langu kwa wenzangu wanaokisoma mimbarani, darasani au wodini ni kwamba wakisome kwa sauti, kuanzia aya ya 21 hadi ya 43, kwa mkupuo mmoja, wasiishie kwenye ya 34 kwa sababu mwanamke amepona.